Ngoma, Ng'ombe na Kibanja: Mabishano juu ya Hulka ya Binadamu katika Nchi ya Karagwe

Kaisho, iliyoko katika wilaya ya Kyerwa upande wa kuelekea Murongo, ambako mto Kagera unaitenga Tanzania na Uganda, ilikuwa kwa karne kadhaa sehemu ya pembezoni ya ufalme wa Karagwe, ambao makao yake mashuhuri yalikuwa Bweranyange. Wilaya yenyewe ni changa, kwa kuwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini ardhi yake imepitiwa na tawala zilizotofautiana sana: watawala wa ukoo wa Wahinda, Wajerumani, Waingereza, na hatimaye serikali ya nchi huru. Kila utawala katika hizo ulijengwa juu ya jibu fulani, lililotamkwa au lililofichwa ndani ya desturi na sheria, kwa swali ambalo wanafalsafa wa siasa wamelibishania tangu zamani, nalo ni kwamba binadamu ni kiumbe wa namna gani kabla hajatawaliwa, na kwa sababu hiyo atawaliwe vipi.

Vitabuni swali hilo lina majibu yanayojulikana. Aristotle aliona kuwa wako watu walioumbwa kuongoza na wako walioumbwa kutumikia. Thomas Hobbes, aliyechapisha kitabu chake Leviathan mwaka 1651 wakati Uingereza ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alishika njia nyingine kabisa, akidai kwamba watu wote wanakaribiana kwa nguvu na kwa akili, kwamba ni usawa huohuo unaowafanya wahofiane, na kwamba bila mamlaka moja ya kuwatisha wote maisha yao hugeuka kuwa vita. Jean-Jacques Rousseau, katika insha yake ya 1755 kuhusu chanzo cha kutokuwa sawa kwa watu, alishikilia kwamba binadamu wa mwanzo hakuwa mkatili, na kwamba mali ya mtu binafsi ndiyo iliyozaa wivu na utumwa. Msomaji aliyezoea kuyagawa majibu haya katika mafungu mawili, la wanaomwona binadamu mwema na la wanaomwona mwovu, atakuta kwamba mgawanyo huo haumfikishi mbali anapoichunguza Karagwe, kwa maana ubishi uliodumu huko kuliko wote ulihusu jambo la msingi zaidi: je, hulka ya binadamu ni moja kwa watu wote, au kila nasaba ina hulka yake? Tena ubishi huo haukuendeshwa kwa vitabu. Uliendeshwa kwa ngoma, kwa ng'ombe na kwa migomba.

Masimulizi ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe na Kyerwa wasemao Runyambo, yanamtaja mwanzilishi wa ufalme kuwa Ruhinda, anayesemwa kuwa mwana wa Wamara, wa mwisho katika Wachwezi, yaani wale watawala wa zama za hadithi ambao baadaye waliabudiwa kama mizimu katika nchi nyingi za Maziwa Makuu. Ruhinda alipofika alimkuta Nono, mkuu wa ukoo wa Basita, ukoo uliohusishwa na kazi ya chuma, akamng'oa kwa hila badala ya mapambano ya wazi. Mwanahistoria Israel Katoke, ambaye kitabu chake cha 1975 kuhusu ufalme huu kimekuwa tegemeo la waandishi wengi waliomfuata, aliyachukulia masimulizi ya namna hii kwa uzito bila kuyafanya kumbukumbu ya mwaka kwa mwaka, na hiyo ndiyo njia ya busara. Ukweli wa kila tukio hauwezi kupimwa tena, lakini funzo la kisiasa lililowekwa ndani ya simulizi linaonekana wazi: haki ya kutawala inatoka katika damu, ila damu peke yake haitoshi, kwa sababu aliyekuwa na nchi kabla naye alikuwa na haki yake, na haki hiyo ilipaswa kumezwa badala ya kufutwa. Ndiyo maana hazina ya kifalme iliyotunzwa Bweranyange, ambayo mpelelezi Henry Morton Stanley aliiona mwaka 1876, ilijaa vitu vya chuma, miongoni mwao sanamu za ng'ombe wenye pembe ndefu na nyundo kubwa za wahunzi. Mfalme aliyejinasibu na ng'ombe alijizungushia kazi ya mikono ya watu ambao babu yake alikuwa amewapindua.

Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Afrika Kaskazini aliyeandika Muqaddima yake mwaka 1377, alieleza kwamba wafugaji wa nyikani huwashinda wakulima na watu wa mijini kwa sababu ya asabiya, yaani mshikamano unaotokana na undugu na ugumu wa maisha, lakini kwamba nasaba yao ikishaonja starehe ya utawala hudhoofika ndani ya vizazi vichache. Nadharia hiyo ingeweza kudhaniwa kuwa iliandikwa kwa ajili ya Wahinda, isipokuwa kwa jambo moja: Wahinda hawakudhoofika kwa wakati uliotabiriwa. Walibaki madarakani, kwa majina na mamlaka yaliyobadilika, hadi uchifu ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963. Sababu moja ya kudumu huko ni kwamba hawakutegemea undugu peke yake. Walijenga mtandao wa kupeana ng'ombe, ambamo aliyepewa mnyama alibaki na deni la utii, na deni hilo liliweza kumfunga hata mtu asiye wa ukoo wao.

Jamii iliyotawaliwa hivyo ilielezwa kwa ngazi tatu. Juu walikuwepo Wahinda, ukoo wa kifalme. Wakafuata Wahima, wafugaji. Na chini Wairu, wakulima, ambao ndio waliokuwa wengi. Kwa mujibu wa fikra za ikulu, tofauti hizo zilikuwa za asili, kana kwamba mmoja huzaliwa na fimbo ya kuchungia na mwingine na jembe. Maisha ya kila siku hayakuitii fikra hiyo. Wahima na Wairu walisema lugha moja, walibadilishana maziwa na siagi kwa ndizi, pombe na zana za chuma, na jambo linalopuuzwa mara nyingi ni kwamba koo zenyewe hazikufuata mpaka huo, kwa kuwa ukoo mmoja, wenye mwiko mmoja na jina moja, uliweza kuwa na wafugaji na wakulima ndani yake. Kama hulka ingekuwa ya damu, ndugu wa ukoo mmoja wasingegawanyika kwa kazi.

Chini ya falsafa ya ikulu palikuwa na nyingine, isiyokuwa na wapiga ngoma, ambayo ilishikwa na watu wa vibanja. Kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, halikupatikana kwa kuzaliwa tu. Lilitengenezwa kwa miaka mingi ya samadi na nyasi za kufunika udongo, hata ardhi iliyokuwa nyika ikageuka kuwa mali inayoweza kulisha vizazi. Mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alijenga nadharia yake ya mali juu ya wazo kwamba mtu akichanganya kazi yake na ardhi huipata haki juu yake, na mkulima wa Karagwe hakumhitaji Locke amfundishe hilo. Tofauti ni kwamba haki ya mkulima huyo ilibaki ndani ya ukoo, hakuweza kuiuza kama mtu anayeuza mbuzi, na juu yake alisimama Mukama, yaani mfalme, aliyehesabiwa kuwa mwenye nchi nzima. Vivyo hivyo desturi ya omukago, ambayo katika Buhaya, nchi ya Wahaya, na jirani zake iliwafanya wawili wasio ndugu kuwa ndugu kwa kumeza buni iliyopakwa damu ya kila mmoja, ilijengwa juu ya imani ambayo fikra ya nasaba haikuweza kuieleza, kwamba uaminifu unaweza kuundwa na watu wenyewe kwa makubaliano. Wananadharia wa Ulaya walikuwa wakiandika juu ya mkataba wa jamii kama jambo la kudhaniwa, tukio la zamani ambalo hakuna aliyelishuhudia. Hapa mkataba ulifungwa mbele ya mashahidi, na aliyeuvunja aliogopa adhabu yake.

Mahali ambapo falsafa ya damu ilijaribiwa vikali kuliko pengine popote ni katika urithi wa kiti. Mfalme Ndagara alipofariki katika miaka ya 1850, wanawe walikigombea, na miongoni mwao walikuwa Rumanyika na Rogero. Simulizi aliyoipokea mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofika Karagwe mwezi Novemba 1861 inaeleza kwamba ngoma ndogo iliwekwa mbele ya wagombea, nyepesi kwa uzito wake lakini iliyotiwa dawa nyingi kiasi kwamba asingeweza kuinyanyua ila mrithi halali, na kwamba Rumanyika peke yake ndiye aliyeiinua. Jaribio la aina hii lina mantiki ya kisiasa ambayo haipasi kudharauliwa. Sheria iliyosema kwamba damu ya kifalme ndiyo inayotawala ilikuwa na dosari moja kubwa, kwa kuwa wana wote wa mfalme walikuwa na damu hiyohiyo, na kwa hiyo nadharia iliyowatenga Wahinda na watu wengine wote haikuwa na la kusema Wahinda walipogombana wao kwa wao. Ngoma ilijaza pengo hilo, kwa kuhamishia uamuzi kwa mamlaka isiyoonekana.

Hata hivyo ngoma haikutosha. Rogero hakukubali, akapigana, na Rumanyika aliokolewa na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyekuwa na makao Kaze, karibu na ilipo Tabora ya leo, ambaye aliwatuma watu wake wenye bunduki na kulipwa kwa pembe za ndovu. Kwa hiyo uhalali uliotolewa na ngoma ulilindwa kwa baruti ya biashara ya pwani, ile iliyokuwa na kituo chake Kafuro, mwendo mfupi kutoka Bweranyange. Miaka kadhaa baadaye Rumanyika alikuwa bado na hofu, akamwomba Speke dawa ya kumwangamiza nduguye, na Speke anaeleza kwamba kama Rogero angekamatwa asingeuawa; angetobolewa macho na kuachwa aende zake, kwa kuwa asiyeona hawezi tena kuleta madhara.

Adhabu hiyo, iliyoonekana kwa wasomaji wa Ulaya kuwa ushahidi wa ukatili, ni falsafa kamili ya hulka ya binadamu. Inachukulia kwamba tamaa ya utawala haiwezi kung'olewa katika moyo wa mtu aliyezaliwa nayo, si kwa nasaha wala kwa kiapo, na kwamba damu ya kifalme haipasi kumwagwa ovyo hata ikiwa ya adui, hivyo kilichobaki ni kuondoa uwezo bila kuondoa uhai. Hobbes angeielewa hofu iliyoizaa, ila angeshangaa mahali ilipoelekezwa. Yeye alivihofia vita vya kila mtu na kila mtu, na akaona dawa yake ni mtawala mmoja asiyepingwa. Ikulu ya Bweranyange haikuhofia watu wa vibanja hata kidogo, ilihofia wana wa mfalme. Kwa uzoefu wa Karagwe, kiti kilichokusudiwa kuzuia vita ndicho kilichokuwa kikivizalisha.

Ujio wa Speke na mwenzake James Grant, aliyebaki kwa Rumanyika kwa miezi kadhaa kwa sababu ya ugonjwa wa mguu wakati Speke alipotangulia Buganda mwezi Januari 1862, ulileta nadharia ya tatu, na ndiyo iliyokuja kuwa na madhara makubwa kuliko zote. Speke alipendezwa na Rumanyika, akamsifu kwa upole, akili na ukarimu, kisha akajiuliza, kama mtu wa zama zake, sifa hizo zingewezaje kupatikana katikati ya Afrika. Jibu lake, alilolichapisha mwaka 1863 katika kitabu cha safari yake, lilikuwa kwamba Wahima na watawala wao walikuwa kizazi cha wavamizi waliotoka Uhabeshi, watu wa nasaba ya Hamu aliyetajwa katika Biblia, waliowatiisha wakulima weusi. Hii ndiyo iliyoitwa baadaye nadharia ya Kihamu. Haikutegemea kumbukumbu iliyoandikwa, wala uchimbaji wa mambo ya kale, wala uchunguzi wa lugha; ilitegemea sura za watu na adabu zao, na Speke mwenyewe anasimulia jinsi alivyomweleza Rumanyika habari za mfalme Daudi na asili hiyo ya Kihabeshi.

Ni rahisi kuliona jambo hili kama uongo wa mgeni uliotwishwa wenyeji, lakini ukweli una mkunjo zaidi. Ikulu ilikuwa tayari na fundisho lake la kwamba watawala wametoka nje na kwamba hulka hufuata nasaba. Speke alilichukua dai hilo la kisiasa, ambalo kila mwenyeji alijua kuwa lina mianya, akalirudisha kama elimu ya maumbile isiyokuwa na mwanya wowote. Dai la ikulu liliweza kujadiliwa, kwa kuwa Mwiru aliweza kupata ng'ombe, koo ziliweza kuchanganyika, na mfalme aliweza kuhitaji bunduki za Mhindi ili kuthibitisha damu yake. Dai la Speke halikuweza kujadiliwa na yeyote kati ya waliohusika nalo, maana lilipelekwa London.

Kutoka huko liliendelea kukua. Mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, Charles Seligman, alilipa sura ya kitaaluma katika kitabu chake cha 1930 kuhusu makabila ya Afrika, na katika Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, watawala wa Kibelgiji walilifanya kuwa utaratibu wa ofisi, hadi kila mtu akaandikiwa kabila lake katika kitambulisho kuanzia miaka ya 1930. Tofauti ambazo hapo awali zilihusu mifugo, cheo na utii ziligeuka kuwa kitu kilichopigwa muhuri. Mwaka 1994, mauaji ya kimbari yalipotokea Rwanda, mto Kagera ulibeba maiti hadi Ziwa Viktoria, na mamia ya maelfu ya wakimbizi wakaingia Ngara na Karagwe, wakabaki makambini hadi walipoondoshwa Desemba 1996. Haitakuwa haki kuubebesha mzigo wote huo ukurasa mmoja wa mtu wa 1863. Lakini mahali wazo hilo lilipochukua umbo lake ni katika mazungumzo ya ikulu ya Karagwe, na wakazi wa upande wa Kyerwa waliishi mkabala na nchi lilikokomaa.

Utawala wa Wajerumani, walioanzisha kituo chao Bukoba mwishoni mwa 1890, unaweza kupitwa haraka, kwa sababu haukuwa na nadharia ya binadamu iliyozidi ile ya askari. Waliikuta Karagwe imekwisha kudhoofika kwa migogoro ya urithi iliyofuata kifo cha Rumanyika na kwa sotoka, ugonjwa ulioteketeza ng'ombe katika miaka ya mwanzo ya 1890. Waingereza waliofuata walikuwa na nadharia zaidi. Gavana Donald Cameron, aliyewasili Tanganyika mwaka 1925, aliamini kwamba Mwafrika hutawalika vema kupitia wakubwa wake wa jadi, na sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926 ikawafanya machifu kuwa watumishi wa serikali wenye mishahara, mahakama na hazina. Imani hii ilijionyesha kuwa ya kuheshimu mila, lakini iliondoa sehemu moja ya mila yenyewe, nayo ni uwezekano wa chifu kushindwa. Mukama wa zamani aliweza kukimbiwa na watu wake wakavuka mto na ng'ombe wao kwenda falme jirani za Nkore au Rwanda, au kupinduliwa na nduguye. Chifu wa Cameron alikuwa na polisi.

Chini ya ulinzi huo mfumo wa nyarubanja ulikaa imara, hasa katika Buhaya. Nyarubanja yalikuwa maeneo ambayo Mukama aliwagawia ndugu zake na wapendwa wake pamoja na watu waliokuwa wakiishi humo, hata mkulima aliyelima kibanja cha baba yake akajikuta ni mpangaji anayedaiwa sehemu ya mazao au fedha na bwana asiyewahi kushika jembe. Kahawa ilipopanda thamani, daraja hilo la juu likawa na faida mpya. Wanasheria wa kikoloni waliuandika utaratibu huo katika vitabu vya sheria za mila, na kwa kuuandika wakaupa uzito wa jambo la tangu na tangu.

Julius Nyerere alipojitokeza na falsafa yake, alikuwa na jibu lililopingana na yote yaliyotangulia. Mwana wa Burito, chifu wa Wazanaki, na mhitimu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, aliandika mwaka 1958 kijitabu kuhusu mali ya taifa akishikilia kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote na kwamba mtu hupata haki juu ya kile tu alichokizalisha kwa kazi yake. Kisha katika kijitabu cha Ujamaa cha mwaka 1962 akaeleza kwamba jamii ya Kiafrika ya jadi haikuwa na matabaka, kwamba kila mtu alikuwa mfanyakazi, na kwamba unyonyaji uliletwa na ukoloni na fikra zake za mali. Katika maneno ya falsafa, huu ni mtazamo unaokaribia ule wa Rousseau: hulka ya asili ni njema, kilichoharibika ni taasisi, na kwa kuirudisha ile roho ya familia kubwa ubaya ungepoteza mzizi wake.

Mkoa wa Ziwa Magharibi, kama Kagera ilivyoitwa hadi mwaka 1979, ulikuwa ushahidi mgumu kwa nadharia hiyo. Huko kulikuwa na Wahinda, Wahima na Wairu. Kulikuwa na mabwana wa nyarubanja na wapangaji wao. Tena matabaka hayo yalitangulia bendera ya Kijerumani. Serikali ya Nyerere ililijua jambo hilo kuliko falsafa yake ilivyolikiri. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, na mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria mahususi ya nyarubanja iliyowafungulia wapangaji njia ya kuwa wenye ardhi, ikafuatwa na sheria pana zaidi ya mwaka 1968 kuhusu upangaji wa kimila. Hapa kuna jambo la ajabu katika historia ya fikra za Tanzania: dola lililofundisha kwamba Afrika ya jadi haikuwa na wanyonyaji lililazimika kutunga sheria ya kuuondoa unyonyaji wa jadi. Nyerere mwenyewe, katika andiko la Septemba 1967 kuhusu ujamaa vijijini, alikiri kwamba jamii ya zamani ilikuwa na kasoro, akitaja hali ya wanawake na umaskini, lakini madaraja ya nasaba hayakupewa nafasi waliyostahili walioyabeba. Abdulrahman Babu, mwanamapinduzi wa Zanzibar aliyeandika kitabu cha kuupinga mtazamo huo mwaka 1981 baada ya kutoka kizuizini, alikuwa na hoja ya nguvu zaidi katika sehemu hii, kwa kushikilia kwamba tabia za watu hutokana na namna wanavyozalisha mali, na kwamba kuisifu jamii ya kale hakuwezi kuwa msingi wa kujenga mpya.

Hata hivyo upungufu wa Nyerere katika historia haukumfanya akosee katika maadili. Dai lake kwamba binadamu wote ni sawa, ambalo liliwekwa mwanzoni kabisa mwa imani ya chama chake cha TANU katika Azimio la Arusha la Februari 1967, halikuhitaji kuthibitishwa na zamani yoyote, na lilikuwa la kwanza kati ya majibu yote yaliyowahi kutawala Karagwe kumtamkia mkulima wa Kaisho kwamba hulka yake na ya Mukama ni moja. Udhaifu ulijitokeza mahali pengine. Mtu anayeaminiwa kuwa mjamaa kwa asili anapaswa kungojewa ajiunge kwa hiari, na sera ya mwanzo ilisema hivyo; lakini mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kila mtu awe kijijini kufikia mwisho wa 1976. Watafiti Jannik Boesen, Birgit Storgaard Madsen na Tony Moody, waliouchunguza mkoa huu na kuchapisha kitabu chao mwaka 1977, waliueleza ujamaa wake kuwa ni ule uliotoka juu. Rousseau aliwahi kuandika kwamba asiyekubali utashi wa wote atalazimishwa kuwa huru, na tangu wakati wake wasomaji wamegawanyika kama hiyo ni hekima au ni hatari. Katika eneo ambako kibanja kilihitaji kizazi kizima ili kizae vizuri, kumhamisha mtu hata kwa kilomita chache kulimaanisha kumnyang'anya kazi ya baba yake, na kwa sababu hiyo sehemu nyingi za migomba minene ziliachwa zilivyo zikaitwa vijiji hapohapo zilipo.

Ubishi wenyewe haujafungwa. Umehamia katika kahawa. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na Karagwe ikapata chama chake kikuu, KDCU, mwaka 1990. Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, mambo mawili yalipata nguvu katika Kaisho na Murongo. La kwanza ni magendo, yaani kuivusha kahawa kwenda Uganda bei inapokuwa nzuri zaidi huko. La pili ni butura, utaratibu ambao mkulima mwenye shida ya ada, matibabu au msiba huiuza kahawa ikiwa bado maua au ikiwa mbichi mtini, kwa bei ndogo sana kuliko ile itakayopatikana wakati wa mavuno, na mwenye fedha huja kuichuma kama yake. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yote ipitie katika vyama vya ushirika, na viongozi wakaikemea butura kama wizi.

Wanaoitetea amri hiyo hubeba, pengine bila kujua, mtazamo kwamba mtu mwenye njaa hana hiari, na kwamba sahihi aliyoiweka mtoto wake akiwa amerudishwa nyumbani kutoka shuleni haipasi kuhesabiwa kuwa makubaliano. Kwa hiyo dola lina wajibu wa kumlinda hata dhidi ya mkono wake mwenyewe. Wanaoipinga hushika kwamba mkulima anajua hesabu yake kuliko ofisa, kwamba kumkataza kuuza mapema bila kumpa mkopo kunamwondolea njia mbaya bila kumpa njia nzuri, na kwamba anayevuka Kagera na gunia lake usiku anafanya kile ambacho mfanyabiashara yeyote wa Kafuro angekifanya mchana. Hoja ya kwanza ina uzito zaidi pale mwenye kukopesha akiwa mmoja na kijiji kizima kikiwa wadaiwa wake, maana huko butura inakaribia sana nyarubanja, tofauti ikiwa ni kwamba bwana mpya hakupewa watu na Mukama. Hoja ya pili ina uzito zaidi kila malipo ya chama yanapochelewa, kwa sababu ushirika unasimama juu ya dhana kwamba wakulima wanaweza kuaminiana na kuwaamini waliowachagua, na dhana hiyo, tofauti na zile za damu na za asili njema, hupimwa msimu hadi msimu, kwa tarehe ambayo fedha inamfikia mwenye kahawa.